Kurasa Tisini na Sita

Moto ulianza kwenye nyasi, upande wa Msitu wa Ngong,
Februari, wiki ya sita bila tone.
Wengine wanasema ni warina asali, wengine sigara,
wengine wanataja kabila la mtu, kwa sauti ya chini,
na sauti hiyo ya chini bado inafuka.
Mimi sikuona ulipoanza.
Niliona ulipofika.

Ulivuka barabara ya vumbi bila kupiga hodi.
Mtungi wa gesi wa Nasimiyu ulilia mara moja tu.
Gari la zimamoto lilikuja na maji nusu tangi,
kichochoro kikalikataa, dereva akarudi kinyumenyume
huku tukimzomea
kana kwamba ni yeye aliyewasha.

Walihesabu nyumba: mia moja na ishirini.
Walihesabu magodoro, sufuria, pakiti mbili za unga kwa kila jina.
Hakuna aliyeuliza kuhusu daftari langu.

Lilikuwa la kurasa tisini na sita, jalada la buluu,
nimelifunga kwa kamba ya kiatu, linakaa juu ya friji ya duka.
Wekhomba, mkate nusu, sukari robo, atalipa Ijumaa.
Halkano bawabu, sigara mbili, maziwa.
Kwamboka, sodo, asiambiwe mumewe.
Mwalimu Ndinda, mia nane, tangu Septemba, nimenyamaza.
Watu walidhani naandika madeni.
Nilikuwa naandika nani ana njaa, na tangu lini.

Jioni ya tatu, shuleni tulikolazwa,
darasa la nne, chini ya jedwali la kuzidisha,
wakaanza kuja.
Halkano kwanza, kofia mkononi:
"Mama Syombua, nina deni lako la mia mbili na kumi."
Ilikuwa mia tatu na arobaini. Nikasema ndiyo, ni hiyo hiyo.
Kwamboka hakutaja kiasi. Aliketi nyuma yangu
akanisuka nywele zilizosalia.
Wekhomba alipita akitazama simu isiyo na chaji.
Sikumwita. Mtu aliyepoteza mlango
utamgongea wapi?

Mwalimu Ndinda huja saa mbili kasoro,
anasubiri tukunje blanketi,
kisha anafundisha sehemu na desimali
watoto walioamka papo hapo walipoketi.
Syombua wangu anajibu, sweta yake inanuka moshi.
Mia nane hatuitaji, mimi wala yeye.

Halafu Gathogo. Miaka kumi na mmoja tumepakana ukuta,
nilijua kikohozi chake, alijua maombi yangu.
Akasimama kwenye foleni ya uji, mbele za watu,
eti alinikopesha elfu nne kabla ya Krismasi.
Watu wakageuka. Mwiko wa uji ukasimama.
Nami sikumbuki.
Ndilo linaloniamsha usiku:
si kwamba huenda anadanganya,
ni kwamba huenda anasema kweli,
na kilichojua kimeungua.

Wiki ya pili kiwanja kikazungushiwa mabati mapya.
Yanang'aa hadi yanaumiza macho.
Mwenye ardhi, tusiyewahi kumwona, sasa ana wakili na lango,
na langoni ameweka mlinzi,
na mlinzi ni Halkano.
Tukipita anainama kufunga kamba za buti
ambazo zimeshafungwa.
Jana alinilipa. Mia mbili na kumi, noti mpya na sarafu.
Nilizishika mpaka zikapata joto.
Nikanunua nazo mafuta ya taa, kisha nikaogopa kuyawasha.

Nimepata daftari jingine, la kurasa arobaini na nane,
la kubwa sikuweza.
Kwenye mstari wa kwanza niliandika:
Gathogo, elfu nne, ananidai.
Nikakata.
Nikakaa na kalamu, watoto wakipumua pande zote,
mtu mmoja akiota kwa sauti, akiita maji.
Kisha nikaiandika tena,
kwa penseli.